Kigoma mpaka Guangzhou: masaa ya kwenye tiketi sio masaa ya angani

Watu wa huku kwetu wanaofata mzigo China wamekua wengi, na kila anayekata tiketi mara ya kwanza anachanganywa na mambo yaleyale, ngoja niyaseme maana yameshamtia hasara ndugu yangu.

Kubwa kuliko yote ni hili la "imeandikwa 02:00, si ndo saa mbili asubuhi?" Hapana jamani. Tiketi inaanza kuhesabu saa sita usiku, kwaiyo 02:00 ni saa nane usiku, saa mbili asubuhi ingeandikwa 08:00. Mtoto wa mama mkubwa tiketi yake ilisema Jumatano 02:00, akafika eapoti Dar Jumatano saa kumi na mbili alfajiri, kanyoa kapendeza, ndoo ya dagaa imezungushiwa selotepu mpaka kwenye mfuniko, anaambiwa ndege imeondoka masaa manne yaliyopita. Alitakiwa awe pale Jumanne usiku!! Ukiona kuanzia 00:00 mpaka 06:00 jumlisha sita, na ujue ni usiku wa kuamkia hiyo tarehe.

Wengine wanasema kwenda China masaa 16 kurudi sita tu, eti dunia inazunguka kuifata ndege. Dunia inazunguka na hewa yake na ndege ikiwa humohumo, haiisubiri. Ni saa za miji miwili, ya kuondoka inaandikwa kwa saa ya mji unaotoka, ya kutua kwa saa ya mji unaofika. Sisi tunalijua hili kabla hata ya kupanda ndege, ukivuka kwenda Bujumbura unarudisha saa nyuma lisaa limoja, basi Guangzhou iko mbele yetu masaa matano. Tuseme umeondoka Dar 13:00 ukakaa angani masaa 11, kwa saa ya nyumbani ni saa sita usiku lakini kule ishakua 05:00 kesho yake, ndo maana pembeni wanaweka +1. Kurudi unaondoka 06:00 unatua Dar 12:00, masaa ni yaleyale 11.

Sio kwamba kwenda na kurudi hua sawasawa kabisa, upepo wa juu una nguvu. New York kwenda London ni kama km 5,540, na Februari 2020 kuna ndege ilisukumwa na upepo ikamaliza kwa masaa matano kasoro dakika nne, wakati kawaida ni kama saba, na kurudi kule inapigana nao inakaa zaidi.

Alafu kilomita. Dar mpaka Guangzhou ni kama 8,700, usigawanye kwa 900, spidi ya ndege kwa lisaa, ukasema masaa tisa na dakika arobaini, kuna kupanda, kuna kushuka, kuna kuzunguka kusubiri kutua. Na usitumie kilomita za reli kwa ndege, Kigoma Dar treni inapita zaidi ya 1,200, angani ni kama 1,080, karibu masaa mawili kama haipitii Tabora. Hayo hayamo kwenye yale 11.