C ya darasa la 12 na udahili wa vyuo Marekani: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Ukishakubaliwa, alama za darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari, hazina kazi tena.
Barua ya kukubaliwa ni ya masharti. Kwa wanaoomba kupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, kaunsela wa shule hupeleka ripoti ya kwanza pamoja na maombi, ya pili alama za muhula wa kwanza zikitoka, kwa kawaida Januari au Februari, na ya mwisho baada ya kuhitimu. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika. Nafasi ikifutwa Julai kwa sababu yake, amana imeshalipwa na vyuo vingine vimeshajaza nafasi zao.

Dhana: Basi C moja inatosha kufutiwa.
Haitoshi. Kinachofuta ni F, mara nyingi na D, hasa kwenye somo la lazima. Au kushuka kila mahali, mtu wa A tupu akamaliza na C tatu nne. Kikubwa kabisa ambacho C moja italeta ni barua ya kutaka maelezo kutoka chuo chenye ushindani mkali. Kwingine haiulizwi kabisa.

Dhana: Kwa C moja, GPA (wastani wa alama, A ikiwa pointi 4 na C pointi 2) imeporomoka.
Piga hesabu kwanza. Chukua masomo 6 kila muhula kuanzia darasa la 9 hadi la 11: alama 36. Wastani wa 3.80 ni pointi 136.8. Muhula wa kwanza wa darasa la 12 ukiwa na A tano na C moja unaongeza pointi 22. Jumla 158.8, gawanya kwa 42, unapata 3.78. Kwa University of California C hiyo haiingii hata hapo, kwa sababu GPA yao ya udahili huishia masomo ya kiangazi baada ya darasa la 11.

Cha kuangalia ni C hiyo iko kwenye somo gani. Ya Calculus kwa anayeomba uhandisi itasomwa mara mbili. Ya ufinyanzi kwa huyohuyo, sidhani. Na aliyeahirishwa kutoka maombi ya mapema kwenda ya kawaida, au aliyewekwa kwenye orodha ya kusubiri, ana sababu ya kuhangaika kuliko wengine: alama hizo ndizo habari mpya wanayosubiri kuona.

Dhana: Heri kuacha somo kabla C haijaandikwa.
Hapa ndipo wengi hujichongea. Masomo uliyoyaorodhesha kwenye fomu ni sehemu ya kilichofanya ukubaliwe. Kuacha AP Physics (Fizikia ya kiwango cha chuo) kimyakimya mwezi wa Januari kunaweza kukugharimu kuliko C yenyewe, kwa kuwa ripoti inayofuata itaonyesha pengo. Waandikie watu wa udahili barua pepe kabla ya kusaini fomu ya kuacha, na usubiri jibu la maandishi. Ruhusa ya kaunsela wa shule pekee haikulindi.

Dhana: Nyamaza, huenda wasione.
Kwa C moja, kweli nyamaza. Kuomba radhi bila kuulizwa ni kuwaonyesha usichotaka wakitazame. D na F ni habari nyingine. University of California inadai ujulishe D, F au badiliko lolote la masomo, na kutojulisha peke yake kunaweza kufuta nafasi.

Mwambie kaunsela kwanza, kisha mwanafunzi aandike mwenyewe, si mzazi, aya moja ya namna hii: "Nimepata D ya Kemia muhula wa kwanza. Nililazwa hospitali wiki mbili mwezi Novemba. Barua ya daktari nimeiambatisha. Nimejiandikisha kuirudia kozi hiyo na itaisha Juni 20." Sababu isizidi sentensi mbili. Tarehe ya kumaliza ndiyo yenye uzito, maana transkripti ya mwisho, yaani orodha rasmi ya alama, ina siku yake ya kufika; kwa University of California ni Julai 1. Kozi ya kiangazi inayoisha Agosti haitakusaidia, isipokuwa kampasi iwe imeikubali kwa maandishi.