Mpira wa meza wa kimataifa: yanayosemwa na yalivyo

"Huu ni mchezo wa Wachina, Mwafrika hawezi kufika juu." China inatamba, hilo halina ubishi. Lakini Quadri Aruna wa Nigeria, mzaliwa wa Oyo, alimtoa Mjerumani Timo Boll kwa seti 4-2 kwenye Olimpiki ya Rio 2016, akawa Mwafrika wa kwanza kuingia robo fainali. Ilibidi aje Mchina Ma Long kumsimamisha. Mwaka 2022 Aruna akaingia kumi bora ya dunia, na hakuna Mwafrika aliyewahi kufika hapo kabla yake.

"Wanaishi kwa zawadi za mashindano." Hapa wengi hukosea hesabu, wakiwemo wazazi wanaompima mtoto kama ana mustakabali. Ugali wa mchezaji hutoka klabuni. Aruna amechezea Sporting ya Lisbon na Fulda-Maberzell ya Ujerumani. Klabu ndiyo inayolipa mshahara, ndiyo inayompa mechi ngumu za ligi. Mashindano ya kimataifa, kwa asiyefika mbali, yanakula zaidi ya yanavyolipa: nauli, hoteli, viza. Na hayakwepeki, kwa sababu orodha ya ubora wa dunia huhesabu matokeo manane bora ya miezi 12, kisha pointi zilizotimiza mwaka hufutika. Aliyeumia goti miezi sita anashuka bila kufungwa hata mechi moja. Akishuka, anarudi kuanzia raundi za mchujo, au jina lake halipokelewi kabisa. Viza iliyochelewa ina madhara yaleyale, na wachezaji wetu wanalijua hilo kuliko Wazungu.

"Raketi ghali ndiyo inayoshinda." Mchezaji wa kimataifa hanunui raketi iliyokwisha kuunganishwa. Hununua ubao peke yake na raba mbili, moja nyeusi na nyingine ya rangi inayong'aa, kisha hubandika mwenyewe. Kinachochakaa ni raba: ikipoteza mnato, mpira unateleza badala ya kuzunguka, na ubao wa bei yoyote hausaidii. Kubadilisha si kazi kubwa. Bandua raba ya zamani taratibu kufuata nyuzi za mbao, usije ukachomoa vibanzi. Sugua mabaki ya gundi kwa kidole mpaka yatoke kama ngozi. Paka gundi ya maji, nyembamba, kwenye sponji iliyo upande wa chini wa raba na kwenye ubao, kisha ngoja: ikiwa bado nyeupe haijakauka, ikiwa angavu iko tayari. Anza kulaza upande wa mpini, sukuma kwa kopo au chupa ili hewa itoke, halafu kata pembeni kwa wembe mpya. Kosa la kawaida ni haraka. Gundi mbichi huacha mapovu, na raba yenye mapovu haipiti ukaguzi wa raketi mashindanoni. Ukaguzi huo hupima pia unene: raba, sponji na gundi pamoja visizidi milimita 4. Anayelundika gundi, au anayepaka mafuta ya kuvimbisha sponji, anajitafutia kukataliwa raketi. Gundi za kemikali kali zilipigwa marufuku mwaka 2008.

"Kuanzisha mpira ni kuanzisha tu." Mtaani watu huupiga mpira moja kwa moja kutoka mkononi. Kimataifa kiganja hukaa wazi, mpira juu yake bila kubanwa na vidole, nyuma ya mstari wa mwisho na juu ya usawa wa meza. Unarushwa wima angalau sentimita 16 na kupigwa ukishuka, bila kufichwa kwa mwili wala mkono. Ukikosea, pointi inakwenda kwa mpinzani. Tabia ya utotoni haiachwi ndani ya wiki moja, kwa hiyo kocha mzuri huirekebisha mapema.

"Ukifika miaka 30 umekwisha." Segun Toriola na Olufunke Oshonaike, Wanigeria wote wawili, walicheza Olimpiki saba kila mmoja. Mwanamke aitwaye Ni Xialian, wa Luxembourg, aliyezaliwa mwaka 1963, alishinda mechi yake ya raundi ya kwanza Paris 2024 akiwa na miaka 61. Hakimbii sana. Husimama karibu na meza na kutumia raba yenye vipele virefu, ambayo huurudisha mzunguko wa mpinzani kinyume na alivyoutarajia, hivyo anayehangaika kukimbia ni yule wa upande wa pili.