Potiko ni nini?

Potiko ni ukumbi ulio wazi mbele ya mlango wa jengo, ambao paa lake limebebwa na nguzo. Katika ujenzi wa Wagiriki na Warumi wa kale, juu ya nguzo hulazwa boriti za mawe, na juu ya boriti huja uso wa paa wenye umbo la pembetatu. Nguzo za mbele aghalabu huwa nne, sita au nane. Zikiwa witiri, moja itauziba mlango.

Watu husifia vichwa vya nguzo vilivyonakshiwa. Kwangu, cha kutazama kwanza ni nafasi iliyopo kati ya nguzo na nguzo. Jiwe huhimili mzigo mkubwa likisimama, ila ukililaza juu ya pengo pana hupasuka kwa uzito wake lenyewe. Vitruvius, msanifu majengo wa Roma katika karne ya 1 KK, alipendelea nafasi ya unene wa nguzo mara mbili na robo. Ikifika mara tatu, alionya, boriti huenda zikavunjika. Na nguzo zikibanana mno, akina mama wanaopanda ngazi kwenda kuomba hekaluni hawawezi kupita wakiwa wameshikana. Itabidi wajipange foleni.

Pembetatu si lazima. Ikulu ya Marekani ina potiko mbili: ya kaskazini, iliyokamilika 1830, inayo, ya kusini, ya 1824, imejikunja nusu duara na haina.

Lakini ya kwenda kuona ni ya Pantheon mjini Roma, hekalu lililokamilika zama za Kaisari Hadrian, karibu mwaka 126 BK. Ina nguzo 16, nane kati yake zikiwa mstari wa mbele. Shina la kila nguzo ni jiwe moja gumu la itale, urefu karibu mita 12, na ya awali yalichongwa Misri yakaja kwa maji. Inua macho juu ya paa la potiko: ukutani nyuma yake pana alama ya pembetatu nyingine, iliyo juu zaidi. Baadhi ya wataalamu husema mchoro ulitaka mashina ya futi 50 za Kirumi, yakapatikana ya 40, basi mafundi wakaishusha potiko nzima.