Kipembe cha Bustani Ndicho Chenye Kesi

Malalamiko ya uvamizi wa maeneo ya wazi jijini Tanga yana utetezi mmoja: "Nimechukua kipembe tu, uwanja wote upo." Kwa sisi wa mipango miji, kipembe hicho ndicho chenye kesi.

Simama Bustani ya Jamhuri, jirani na mnara wa saa wa mwaka 1901, utazame bandari na Kisiwa cha Toten. Kinachokukalisha pale si wingi wa nyasi. Mgongoni una miti na majengo, mbele jicho linateremka hadi majini bila kizuizi. Jay Appleton, mwanajiografia wa Uingereza, alieleza mwaka 1975 kwamba binadamu hupenda mandhari anayoweza kuona mbali huku amejisitiri. Umbo la eneo ndilo linalotoa yote mawili. Kibanda cha mita tatu kwa tatu kikiwekwa upande wa majini kimekula mita 9 za mraba, lakini kimefunga bahari nzima.

Ukingo nao una hesabu yake. Upana wa uwanja ukiwa mara moja hadi mbili ya kimo cha miti inayouzunguka, mtu huhisi yumo ndani ya ukumbi. Ukizidi mara nne, hali hiyo hupotea. Kwa hiyo anayekata miti ya pembeni "ili pawe peupe" anapunguza uzuri, haongezi. Vikona na vificho vya ukingoni msivinyooshe pia. Ndivyo vinavyomvuta mtu atembee aone kilichoko mbele.

Eneo la wazi lililomo kwenye mchoro wa mipango miji haligeuzwi kwa barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mabadiliko ya matumizi huombwa halmashauri, kwa utaratibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Asiye na kibali hupewa notisi; akikaidi, huja alama ya X, kisha kubomolewa kwa gharama yake. Na risiti ya ushuru si kibali cha ujenzi. Hili tumelisema mno.

Hatumfukuzi muuza kahawa. Akikaa upande wa nyuma, chini ya miti, anaunenepesha ukingo na bahari inabaki wazi. Aje ofisini kabla hajanunua mbao, tumwoneshe kwenye mchoro.