Protini za VVU na kidonge cha TLD (ARV tatu katika kidonge kimoja): maswali na majibu

VVU vina protini ngapi?

Chache mno. Kirusi kimoja kina jeni 9 tu kwenye RNA (vinasaba vyake) yenye herufi zisizofika 10,000, na kutokana na hizo hupatikana protini kama 15. Seli ya binadamu ina jeni za kutengeneza protini takriban 20,000. Kwa uchache huo kirusi hakiwezi kuzaliana peke yake. Ni lazima kiingie kwenye seli, hasa zile chembe nyeupe za CD4, kitumie malighafi na mitambo yake. Hata hivyo, kuna kazi tatu ambazo seli haimfanyii mgeni huyo, na kwa hizo VVU huja na vimeng'enya (protini za kuendesha kazi) vyake vyenyewe: rivasi transkriptasi, integrasi na proteasi. Dawa nyingi za ARV zinapiga mojawapo ya vimeng'enya hivyo.

Protini hizo zinafanya kazi kwa mpangilio gani?

Protini ya nje, gp120, hushika kipokezi (protini iliyo juu ya seli) cha CD4, kisha kipokezi cha pili, mara nyingi CCR5. Mwenzake gp41 huvuta utando wa kirusi na wa seli mpaka viungane, na ganda la ndani liitwalo kapsidi huingia. Rivasi transkriptasi hunakili RNA ya kirusi kuwa DNA. Integrasi hupunguza herufi mbili kwenye kila uzi katika ncha za DNA hiyo, hukata DNA ya binadamu na kuipachika humo. Kuanzia hapo seli huisoma kama yake.

Protini ndogo ziitwazo Tat na Rev huingia kazini: Tat huhakikisha unakili haukatiki njiani, Rev hutoa nakala ndefu nje ya kiini cha seli. Vif nayo huondoa APOBEC3G, protini ya mwili ambayo ingeharibu herufi za kirusi.

Mwishoni minyororo ya Gag, protini inayojenga kirusi, hukusanyika chini ya utando na kuchomoza nje kama kirusi kipya. Kirusi hicho bado ni kichanga. Proteasi lazima iikate Gag vipande vipande ndipo kapsidi ijipange katika umbo la koni. Isipokata, kirusi hutoka lakini hakiambukizi. Dawa kama atazanavir, lopinavir na darunavir zinazuia ukataji huo.

TLD inazuia hatua ipi?

Mbili. Tenofovir miligramu 300 na lamivudine miligramu 300 zinaipotosha rivasi transkriptasi. Ndani ya seli hugeuka herufi bandia: ni kama behewa lisilo na kiungio nyuma, likishaungwa jingine haliwezi kufuata. DNA ya kirusi huishia hapo.

Dolutegravir miligramu 50 inazuia integrasi. Kwenye sehemu yake ya kukatia, kimeng'enya hiki hushikilia ayoni (chembe zenye chaji) mbili za magnesiamu, na bila hizo hakikati wala hakipachiki. Dolutegravir huzing'ang'ania ayoni hizo, na DNA ya kirusi hukosa njia ya kuingia kwenye DNA ya mtu.

Kwa nini naambiwa nisichanganye TLD na dawa za kiungulia au vidonge vya kuongeza damu?

Kwa sababu hiyo hiyo ya kupenda madini. Dolutegravir haijui kama magnesiamu iko kwenye integrasi au iko tumboni. Ikikutana na magnesiamu au aluminiamu ya dawa ya kiungulia, au na chuma na kalsiamu, hufungamana nayo palepale na kiasi kikubwa hutoka na choo bila kufika kwenye damu. Mtu anameza kila siku bila kukosa, lakini dawa mwilini ni pungufu.

Kanuni ni hii: TLD imezwe saa 2 kabla, au saa 6 baada ya dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au aluminiamu. Chuma na kalsiamu vinaweza kumezwa wakati mmoja na TLD iwapo ni pamoja na chakula. Tumbo likiwa tupu, fuata saa zile zile 2 na 6. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki atapata nafuu akipanga hivi: vya damu saa 1 asubuhi, TLD saa 3 usiku. Hapo havikutani kabisa. Jambo hili husahaulika kwa kuwa vidonge vya damu vinatolewa chumba kimoja na ARV chumba kingine, kwa hiyo mtajie mhudumu kila unachomeza, pamoja na ulichonunua duka la dawa.

Na dawa za kifua kikuu?

Rifampicin, mojawapo ya dawa hizo, huchochea ini kuvunja dolutegravir haraka. TLD haibadilishwi, bali huongezwa dolutegravir miligramu 50 nyingine saa 12 baada ya TLD, na nyongeza hiyo huendelea wiki 2 baada ya rifampicin kuisha.

Usugu wa virusi kwa dawa unatokeaje?

Rivasi transkriptasi hunakili bila kuhakiki. Hukosea mara nyingi, na mtu asiyetumia dawa huzalisha mabilioni ya virusi kwa siku, kwa hiyo virusi vyenye mabadiliko vipo tayari kabla ya kidonge cha kwanza. Dozi zikirukwarukwa, dawa hubaki kidogo: haitoshi kuzuia uzalianaji, lakini inatosha kuvipa nafasi virusi vinavyoivumilia. Badiliko maarufu liitwalo M184V ni la asidi amino (tofali la kujengea protini) moja tu, ya 184 kwenye kimeng'enya hicho, na linatosha kuishinda lamivudine. Kirusi nacho hulipa gharama: huzaliana kwa udhaifu zaidi na tenofovir hukipata vizuri zaidi.

Ukisahau dozi, meza mara unapokumbuka. Usimeze viwili kwa mpigo.

Kipimo kinasema virusi havionekani. Kwa nini niendelee?

TLD inazuia DNA mpya kupachikwa. Ile iliyokwisha kupachikwa kwenye seli zilizolala haiguswi, na seli hizo huishi miaka. Dawa ikisimamishwa, kwa wengi virusi hurudi ndani ya wiki chache.

Sindano ya VVU ya kila miezi 6 inafanyaje kazi?

Sindano hiyo ni ya dawa iitwayo lenacapavir. Inalenga kapsidi, lile ganda la koni lililojengwa kwa protini zaidi ya 1,000. Huligandisha: linaposafirisha vinasaba kuelekea kiini cha seli hukwama, na linapojengwa upya hujengeka vibaya. Katika utafiti wa kinga uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2024, wanawake 2,134 walipewa sindano hii na hakuna hata mmoja aliyepata VVU.

Kwa kinga, sindano huambatana na vidonge siku ya kwanza na ya pili ili dawa ifike kiwango kinachotakiwa mapema. Kabla ya kila sindano hupimwa VVU. Mtu mwenye maambukizi akiipata peke yake bila ARV nyingine, virusi vyake vinakabiliwa na dawa moja tu kwa miezi, na badiliko dogo kwenye kapsidi linatosha kuifanya isifanye kazi.