Kampuni Unayoidai Ikiwekewa Msimamizi, Usikimbilie Kesi

Tuseme una malori Busia, na mteja wako wa Kampala hajakulipa kwa miezi kadhaa. Kabla hujafika kwa wakili, unasikia kampuni yake imekwenda yenyewe mahakamani na kuwekewa msimamizi, yaani mtu anayeshika uendeshaji wake badala ya wakurugenzi. Wengi hudhani hapo ndipo pa kuwahi kufungua kesi kabla mali haijaisha. Sivyo.

Sheria ya Ufilisi ya Uganda ya mwaka 2011 huipa kampuni iliyoelemewa na madeni nafasi ya kupumua. Msimamizi wa muda, yaani yule wa kuanzia kabla wadai hawajapiga kura, akishateuliwa, kesi mpya hazifunguliwi na zilizopo husimama, isipokuwa kwa kibali chake cha maandishi au ruhusa ya mahakama. Hata mwenye hukumu mkononi hawezi kumtuma dalali wa mahakama akavute magari. Ruhusa unaweza kuiomba, lakini jaji atataka kujua kwa nini dai lako lisisubiri pamoja na ya wenzako, na maombi hayo yana gharama.

Nguvu zako zipeleke kwa msimamizi. Mpe ankara, hati za mizigo zenye sahihi ya mpokeaji, oda, hata ujumbe wa simu wa kukiri deni. (Madereva wetu wana tabia ya kuacha hati za mizigo garini mpaka zinafutika, zikusanye leo.) Kisha hudhuria mkutano wa wadai. Hapo ndipo mkataba wa usimamizi, yaani makubaliano ya jinsi kampuni na madeni yake yatakavyoshughulikiwa, unapopigiwa kura, na ukipita humfunga hata aliyebaki nyumbani. Ujue pia foleni ilivyo: benki yenye rehani na wafanyakazi wanaodai mishahara wako mbele yako.

Subira itahitajika. Uganda Telecom, kampuni ya simu, iliwekewa msimamizi Aprili 2017, na mwishoni mwa 2019 bado ilikuwa katika hali hiyo, mahakama ikimwondoa msimamizi wa kwanza na kumweka wakili Ruth Sebatindira.

Kazi unayofanya baada ya uteuzi ni jambo jingine kabisa. Usiichanganye na deni la zamani: dai oda mpya iliyosainiwa na msimamizi mwenyewe, na ukiweza, malipo kabla lori halijaondoka. Meneja uliyezoeana naye hana tena mamlaka ya kukuahidi chochote.

Msimamizi akilikataa dai lako au akilipunguza, mwombe sababu kwa maandishi. Hizo ndizo karatasi za kumpelekea wakili.