COX-2, mishipa mipya na ubashiri wa saratani ya utumbo mpana: hesabu huharibikia wapi

Uvimbe wa saratani ukifikia milimita 1 hadi 2 hauendelei kukua bila kujipatia damu. Kimeng'enya COX-2 husaidia hapo. Huigeuza asidi ya arakidoniki kuwa prostaglandini H2, ambayo nayo hugeuzwa kuwa E2. Hiyo E2 huchochea seli zitoe protini iitwayo VEGF, nayo VEGF huotesha mishipa ya damu. Utumbo wenye afya huwa na COX-2 kidogo sana. Adenokasinoma (saratani zinazoanzia kwenye seli za tezi za utumbo) nyingi huwa nayo tele.

Kupima uhusiano huo, kata vipande viwili vinavyofuatana vya maikromita 4: kimoja kipakwe kingamwili ya COX-2, kingine ya CD34, alama ya seli zinazotandaza mishipa kwa ndani. Soma COX-2 kwa ukali wa rangi (0 hadi 3) pamoja na asilimia ya seli zilizoshika rangi. Kwa mishipa, njia iliyozoeleka ni ya Weidner ya mwaka 1991, iliyoanzia kwenye saratani ya matiti: pitia slaidi nzima kwa ukuzaji mdogo, tafuta mahali mishipa iliposongamana zaidi, kisha hesabu kwa ×200. Seli iliyoshika rangi ya kahawia na kujitenga huhesabiwa kuwa mshipa hata kama haina tundu. Mishipa yenye ukuta mnene wa misuli iachwe, na sehemu zilizokufa pia.

Kosa kubwa liko kwenye kuchagua mahali, si kwenye kuhesabu. Wasomaji wawili wakichagua sehemu tofauti, namba zao hazilinganishiki tena, kwa hiyo wachague bila kushauriana ili tofauti hiyo ionekane, nao wasijue mgonjwa aliishi muda gani. Kingamwili nayo ina hila zake: CD34 hushika baadhi ya seli za tishu unganishi, CD31, alama nyingine ya mishipa, hushika makrofaji (seli za kinga). Kipande kisichokaa vya kutosha kwenye fomalini hutoa rangi dhaifu, ukadhani kimeng'enya hakipo.

Kwenye ubashiri ndiko watu wengi huteleza. COX-2 nyingi na mishipa mingi mara kwa mara huambatana na uvimbe uliopenya zaidi au uliofika kwenye tezi za limfu, na hatua hiyo peke yake hufupisha maisha. Modeli ya Cox, hesabu ya kulinganisha muda wa kuishi (jina la mtakwimu, halihusiani na kimeng'enya), lazima iwekewe hatua ya TNM, yaani uvimbe, tezi na kusambaa. Tezi zilizochunguzwa zikiwa chini ya 12, hata hatua yenyewe ina shaka. Kugawa wagonjwa kuwa wenye mishipa mingi na wenye michache kwenye wastani wa kati (median) ni rahisi, lakini mpaka huo hauhamishiki kwenda maabara nyingine.

Biopsi ya endoskopi isitumike kwa hesabu hii: huchota juu juu, ukingo unaopenya ukabaki ndani.